Ndege Iliyotoka Kiwanda cha Vinanda

Jirani yangu ana Boeing 737 kwenye keja yake. Haina mabawa, haina injini, na kwa sababu yake mlango wa choo haufunguki wote. Lakini ukikalia kile kiti cha matatu alichookota gereji, mbele yako kuna dashibodi ya plaiwudi iliyojaa swichi, na usukani uliotengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji. Usiku ndege za kweli zinapotua hapa Embakasi, naye anatua nazo.

Mathe wake akija kumtembelea huiita "ule upuuzi." Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nilikubaliana naye kimoyomoyo. Niliona kijana anaigiza maisha ambayo hayatampata. Saa moja ya kurusha ndege ndogo pale Wilson inameza kodi yake ya miezi kadhaa, na leseni inadai saa nyingi. Sasa plaiwudi itamfikisha wapi?

Halafu nikaanza kusoma mashine hizi zilitoka wapi. Nikagundua nilikuwa nimeishika hadithi kwa mkia.

Nilidhani wakubwa ndio walioanza, na maskini wakaja kuiga. La. Mwanzo kabisa kulikuwa na pipa. Karibu mwaka 1910, kampuni ya Antoinette ya Ufaransa ilikuwa na ndege ngumu kuongoza, na wanafunzi walihitaji kuizoea kabla ya kuipanda. Wakachukua pipa lililokatwa nusu mbili, wakaweka nusu moja juu ya nyingine, mwanafunzi akakalishwa juu na usukani mikononi. Wenzake walilisukuma pipa huku na huku kwa nguvu za mikono, naye akajaribu kulinyoosha. Hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia yenyewe.

Kisha akaja Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani mjini Binghamton, jimbo la New York. Walitengeneza piano zinazojipiga zenyewe, na ogani za kumbi za sinema, enzi zile filamu hazina sauti. Mwaka 1920, akiwa kijana wa miaka 16, Link alilipia somo lake la kwanza la urubani. Mwalimu akampeleka angani, akapindua ndege juu chini, akawatisha watu waliokuwa chini, kisha akatua. Link hakugusa usukani hata mara moja. Pesa imeenda, na hajajifunza kitu. (Wengine wetu tumelipia mihadhara ya namna hiyo.)

Hakusahau. Miaka ya mwisho ya 1920, kwenye ghorofa ya chini ya kiwanda, alianza kuunda kisanduku chenye umbo la ndege, akitumia kile kilichokuwa karibu naye: pampu na mivukuto ya ogani, ile mifuko inayovuta na kusukuma hewa. Ukivuta usukani, hewa inatolewa kwenye mvukuto mmoja na kuingia mwingine, kisanduku kinainua pua. Ukiupinda, kinalala upande. Filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza kuua soko la ogani za sinema, na vipuri vya biashara inayokufa vikawa mwili wa ndege.

Lakini nani aliitaka? Shule za urubani hazikujali. Wengi wa wateja wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, ambako watu walipanda kwa kujifurahisha. Hata hataza aliyopewa mwaka 1931 inakitaja kifaa hicho kuwa cha kufundishia na cha burudani pia. Yaani serikali yenyewe iliandika kwamba ni mchezo.

Mambo yakageuka mwaka 1934. Rais Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni zilizobeba barua kwa ndege, kazi ikatupiwa jeshi. Ilikuwa katikati ya baridi kali, na marubani wengi wa jeshi hawakuwa na mazoezi ya kuruka usiku wala mawinguni. Ndani ya wiki chache vijana kadhaa walikufa. Ujue, ukiwa ndani ya wingu mwili wako unakudanganya. Sikio linakwambia umenyooka kumbe umelala, na ukilisikiliza, umekwisha. Lazima uamini mishale ya dashibodi, na kuamini huko hakuji bila mazoezi. Link alikuwa ameweka vipimo ndani ya kisanduku chake, na juu kifuniko cha kumfungia mwanafunzi gizani. Mwaka huo maofisa walikuwa wakimsubiri Newark katika ukungu ambao waliona hauwezi kupitika. Akatua. Jeshi likaagiza mashine sita, dola 3,500 kila moja. Vita ya Pili ilipoisha, zaidi ya 10,000 zilikuwa zimetengenezwa.

Mwaka 1948 Pan American ilipata simuleta ya ndege yake kubwa, Stratocruiser, iliyotengenezwa na Curtiss-Wright. Hiyo haikutikisika hata kidogo, na dirishani hukuona chochote. Ilikuwa chumba cha rubani tu, kila swichi mahali pake na kila mshale ukijibu. Ilitosha marubani kufanyia mazoezi ya hatari ambazo hakuna mtu angezijaribu na ndege nzima angani. Niliposoma hapo nilikumbuka kile kiti cha matatu.

Njia ya kufika nyumbani ilifunguliwa na Bruce Artwick, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyeandika tasnifu mwaka 1975 kuhusu kuonyesha safari ya ndege kwa kompyuta. Mwaka 1982 programu yake ikatoka kwa jina la Microsoft. Leo kuna FlightGear, iliyotoka mara ya kwanza 1997, nayo ni ya bure.

Programu si shida, basi. Shida ni vidole. Jirani alinunua kibodi ya mitumba Luthuli, akaipasua, akachomoa ile saketi ndogo ya ndani na kuunganisha waya kila mahali palipokuwa na herufi. Akishusha wenzo wa magurudumu, kompyuta inadhani amebonyeza G. Michoro ya paneli aliichapisha saiba kwa vipimo halisi, akaibandika juu ya plaiwudi ili mkono uzoee umbali wa kweli.

Nilimuuliza kama saa zake zinahesabiwa kwenye leseni.

"Hazihesabiwi," akasema, bila kugeuka. "Lakini siku nikipata hela ya saa moja Wilson, sitaipoteza nikitafuta swichi."

Sikuwa na jibu. Nilimshikia tochi akaendelea kuunganisha waya. Kilichobaki ni gurudumu la trimu, lile linalozunguka kwa kelele kando ya goti la rubani. Jumamosi tunaenda Gikomba kutafuta baiskeli ya mtoto iliyovunjika.