Safari ya mwezini na makosa yaliyotazamiwa mbele

Watu wanapozungumza juu ya safari za mwezini husifu kwanza roketi: ukubwa wake, moto wake, kishindo chake. Sisi tunataka kusimulia kazi nyingine, kazi ya kalamu na karatasi, iliyofanywa na watu ambao hawakutoka duniani hata siku moja. Ndio walioandika mbele ya wakati kila tendo la marubani, na kila amri ya mashine ya hesabu, ile kompyuta, iliyopaswa kuwaongoza.

Mwaka 1961 shirika la NASA la Marekani liliwapa kazi hiyo mafundi wa maabara moja ya chuo cha MIT, mjini Cambridge. Mashine waliyotengeneza ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi. Programu zake zilipata nafasi ya maneno 36,864 tu; na mahali pa kuandika na kufuta palitosha maneno 2,048, tena neno la mashine si neno la watu, bali ni fungu dogo la tarakimu. Programu hizo zilisukwa. Ndiyo, zilisukwa kwa mikono, kama mtu anavyosuka mkeka, na wanawake wa kiwanda cha Raytheon huko Waltham. Waya ukipita ndani ya kipete kidogo cha sumaku, ni moja. Ukipita nje, ni sifuri. Kwa hiyo kosa lililokwisha kusukwa halikuondoka kwa urahisi, na waandishi walipaswa kumaliza kazi yao mapema sana.

Namna ya kusema na mashine itawapendeza wanafunzi wa Kilatini. Rubani alibonyeza kwanza kitenzi, halafu jina, kila kimoja kwa tarakimu zake. Kitenzi 16 kiliagiza mashine ionyeshe jambo bila kuacha. Jina 68 lilitaja jambo lenyewe: umbali mpaka mahali pa kutua, muda uliobaki, na tofauti ya vipimo viwili vya kimo. Sarufi fupi, lakini tarakimu moja ikikosewa, maana yote hubadilika.

Bibi Margaret Hamilton, aliyekuwa mkubwa wa waandishi wa programu, alisimulia kwamba siku moja binti yake mdogo alicheza na vifungo vya mashine ya mazoezi. Safari ya mfano ilikuwa njiani. Mtoto akaita programu 01, ile ya kutayarisha chombo kabla ya kuruka. Mambo yote yakavurugika. Mama akataka kuongeza ulinzi, ili mashine ikatae amri ya namna hiyo. Wakubwa hawakukubali: marubani wamefundishwa vizuri, hawatafanya kosa kama hilo. Akaruhusiwa kuandika onyo tu.

Basi, Desemba 1968, chombo cha Apollo 8 kilizunguka mwezi. Usiku wa kuamkia Noeli marubani watatu walisoma mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, nasi sote tunakumbuka au tumesimuliwa jambo hilo. Yaliyofuata hayajulikani sana. Walipokuwa wanarudi, James Lovell, rubani hodari kabisa, alitaka kutaja nyota ya 01, akaita programu 01. Mashine ikadhani ingali imesimama duniani, ikingoja kurushwa. Ilimpasa Lovell kutafuta nyota za Rigel na Sirius, na kuifundisha upya mashine jinsi chombo kilivyoelekea. Hatumcheki Lovell. Tunawashangaa wale waliosema kosa haliwezekani.

Huko Houston wengine walikuwa na akili ya namna nyingine. Bwana Bill Tindall aliwakusanya mafundi na marubani, wakabishana juu ya kila tendo hata likapata nafasi yake. Waliandika pia sheria: kitu hiki kikiharibika, tuendelee ama turudi? Mapadri wazee wanakumbuka sehemu ya Misale ya zamani iliyofundisha la kufanya nzi au buibui akianguka katika kalisi. Aliyeandika hayo hakuwatukana mapadri. Alijua tu kwamba buibui wapo.

Mwanzoni mwa Julai 1969, siku chache mbele ya safari ya Apollo 11, waalimu wa mazoezi waliwatega watu wa Houston kwa alama ya hatari 1201. Kijana Steve Bales, mwangalizi wa mashine, hakujua maana yake, akaamuru kuacha kutua. Akaambiwa amekosa: wangeweza kuendelea. Mkubwa wao, Gene Kranz, akaagiza alama zote zichunguzwe. Jack Garman, mwenye umri wa miaka 24, akaziandika kwa mkono wake katika karatasi moja.

Tarehe 20 Julai, Armstrong na Aldrin wakishuka, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, ikatokea alama 1202. Armstrong akauliza maana yake. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye raha. Garman akatazama karatasi, akamwambia Bales. Bales akajibu: twende. Maana yake ilikuwa kwamba mashine imeelemewa na kazi, nayo, kama waandishi walivyoifundisha, iliacha kazi ndogo, ikaanza upya, ikashika ile ya kutua. Iliita hivyo mara tano. Mwishoni Armstrong alishika uongozi mwenyewe, akapita juu ya shimo lenye mawe makubwa, akatua.

Sababu ilijulikana halafu. Rada ya kutafutia chombo cha mwenzao Collins ilikuwa imeachwa ikifanya kazi, na kwa kuwa umeme wake haukulingana na umeme wa mashine, ilikula sehemu 13 hivi katika 100 za wakati wa mashine. Aldrin hakuwa amesahau kifungo chochote. Alikiweka mahali palipoandikwa katika karatasi zake.