Mizimu, Uchawi na Ugonjwa wa Akili katika Kilosa na Mikumi

Historia ya taifa si vita na tawala peke yake. Hata maradhi yana historia. Katika wilaya ya Kilosa, tangu milima ya Ukaguru hadi Mikumi na Vidunda, wazee walirithishana imani juu ya uchawi na juu ya mizimu ya ukoo idaiyo tambiko. Misafara ya pwani, na baadaye reli na mashamba ya mkonge, ilileta wageni wengi pamoja na majini yao.

Aaminiye hayo si mwendawazimu. Lakini wazimu umpatapo mtu, sauti azisikiazo huweza kuwa za mizimu, na adui amwonaye akawa jirani mchawi. Wala si kwetu tu. Mwaka 1919 Viktor Tausk, daktari wa Vienna, aliandika juu ya wagonjwa walioamini kwamba mtambo wa siri uliziendesha fikra zao. Imani hazikuuleta ugonjwa, ziliupa maneno.

Hatari huzuka maneno hayo yafanywapo ushahidi: bibi kizee asiye na hatia huweza kuuawa, na mgonjwa akabaki bila tiba. Hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko mbali Dodoma. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ili tiba iwafikie watu vijijini.

Basi na tumsikilize mgonjwa ili tumtibu, wala tusimhukumu jirani kwa maneno yake.