Seyyid Said na Mizani ya Maskati na Unguja

Kila jamaa zetu wanapokusanyika, ikiwa ni harusini au hitimani, mazungumzo hayachukui muda kufika pale pale: wapi ni bora pa kukaa? Aliyeko Maskati huwahurumia walioko Uingereza kwa baridi na kwa giza linaloingia saa kumi za jioni. Wa Uingereza naye huuliza, ni ubora gani wa nchi ambayo kwa miezi minne mtu hawezi kutoka nje mchana? Tena huzuka mtu mzima mmoja akawanyamazisha wote kwa kusema kwamba hapana pahala kama Unguja, na shahidi wake ni Seyyid Said bin Sultan, ambaye aliacha kiti cha wazee wake akahamia huko kwa vile alivyopapenda.

Nimesomesha taarikh kwa miaka mingi, na hoja hii ya mwisho nimeisikia mara nyingi hata imekuwa kama jambo lisilohitaji dalili. Nataka niipinge kidogo. Sisemi kwamba Seyyid Said hakuipenda Unguja, aliipenda. Lakini mapenzi yalikuja baadaye. Kwanza alipima, na alipima kama apimavyo mtu wa biashara mwenye maadui, si kama msafiri aliyevutiwa na kivuli cha miembe.

Tuanze na kile alichokuwa nacho. Alishika utawala wa Oman mwaka 1806, akiwa kijana bado, baada ya baba yake kuuawa 1804. Maskati ilikuwa na bandari njema iliyozungukwa na majabali, na juu yake ngome mbili, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno. Adui wa baharini alipata taabu kuiingia. Lakini majabali yale yale hulihifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku, na nyuma ya mji hapana shamba la kuulisha. Mchele ulitoka Bara Hindi. Utajiri wa Maskati ulikuwa wa kupitisha mali za watu baina ya Ghuba na Hindi, na ulistawi khasa wakati Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakipigana, kwa sababu chombo cha Maskati hakikuwa cha upande wowote. Vita vilipokwisha 1815, meli za Waingereza zilirudi katika biashara ile, na faida ya Maskati ikaanza kupungua.

Mbali na hayo palikuwa na khatari ya nchi kavu. Mawahabi wa Najd walikuwa wakishuka hadi Buraimi kudai kodi. Majawasimu wa Ras al-Khaimah walikuwa wakimshindania bahari. Na ndani ya nyumba yenyewe, jamaa yake wa Sohar, Hamud bin Azzan, alikuwa akingoja tu Seyyid apande chombo. Alipokwenda Afrika kwa mara ya kwanza, mwaka 1828, fitina za nyumbani zilimlazimisha arudi kabla ya kutimiza alilolifuata.

Sasa tutazame upande wa pili wa mizani. Watu husema Unguja kana kwamba palikuwa hapana pengine. Palikuwapo pengi. Mombasa ilikuwa na bandari ya kina, na Ngome ya Yesu ambayo Waomani waliiteka kutoka kwa Wareno mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kama ni bandari tu, Mombasa ilishinda. Lakini Mombasa ilikuwa na Mazrui, waliojiona wao ndio wenyewe, na waliofika hadi ya kujiweka chini ya bendera ya Kiingereza mikononi mwa Kapteni Owen kati ya 1824 na 1826 ili wasimtii Seyyid. Aliipigania miaka tisa, hata akaipata 1837, na mji unaoupata kwa miaka tisa ya mizinga na hila si mji wa kulalia usingizi. Tena Mombasa imegusana mno na bara.

Kilwa ilikuwa na jina kubwa la zamani, lakini iko mbali kusini. Wazee wetu waliokuwa na majahazi wanalijua hili bila ya kusoma kitabu: kaskazi huvuma kuanzia Disemba hivi hadi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili. Jahazi lililotoka Maskati au Sur liliweza kufika Unguja, likauza, likanunua, na kurudi na kusi ndani ya mwaka mmoja. Ukizidi kushuka kusini ya Kilwa, kaskazi hufifia, na nahodha aliyechelewa hukaa mwaka mzima akila faida yake. Lamu walimtaka wenyewe baada ya kuwashinda Wapate na Mazrui pale Shela, lakini kwa ndovu na misafara ya bara Lamu ilikuwa mbali. Pemba, ambayo majeshi yake yaliiondoa mikononi mwa Mazrui miaka ya mwanzo ya 1820, ina rutuba kuliko zote, ila njia zake za kuingilia ni za miamba na hapakuwa na mji mkubwa. (Ndugu zetu wa Pemba wasikasirike, nitawarudia.)

Unguja haikuwa ya kwanza katika jambo lolote moja. Ilikuwa ya pili katika kila jambo, na hilo ndilo lililompa ushindi. Bandari yake ya magharibi inakingika kwa kaskazi na kusi pia. Bara iko karibu, kama kilomita 35, kiasi cha kuwa mashua huvuka kwa siku moja, lakini jeshi la bara haliwezi kuvuka. Ng'ambo yake ni Mrima, na kutoka Mrima misafara ilikwenda Unyamwezi na kurudi na pembe. Maji matamu yalikuwapo Mtoni, ambako vyombo vilijaza mapipa, na hapo hapo Seyyid akajenga jumba lake. Na wenyeji, chini ya Mwinyi Mkuu wao, hawakuwa na nguvu ya kumpinga kama Mazrui.

Vitabu vingine huandika kwamba alihamia Unguja mwaka 1832, na vingine 1840. Wanafunzi walikuwa wakiniuliza upi ni sahihi. Ukweli ni kuwa hakuhama siku moja. Alikwenda na kurudi, akakaa huku miaka na kule miaka, na makao yake yakawa Unguja kidogo kidogo. Aliifunga biashara kwa mikataba: Wamarekani 1833, kwa ushuru wa tano kwa mia; Waingereza 1839; Wafaransa 1844. Mwaka 1840 alituma meli yake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman. Na Wamarekani walituletea nguo kwa wingi hata kitambaa chenyewe tukakiita marekani.

Kisha karafuu. Mbegu zilikuja kutoka visiwa vya Wafaransa, na anayetajwa kuzileta ni Saleh bin Haramil, kiasi cha mwaka 1818. Seyyid aliona faida akaamrisha watu wapande. Hapa ndipo penye sahani ya mizani ambayo katika majumba yetu huwa tunaitaja kwa sauti ndogo, na mimi nimeona niiandike. Mikarafuu haikujipanda. Ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao wakipitia Kilwa. Na ardhi nzuri ya magharibi na kati ya kisiwa ilipoingia mikononi mwa wenye mashamba, Wahadimu wengi walibakia na nchi ya mawe ya mashariki na kusini. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni, soko likafungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Mtu anayesema Unguja ilikuwa pepo ni lazima aseme pia ilikuwa pepo ya nani. Atakayelipita hili hatayafahamu ya mwaka 1964, atabakia kuyalilia tu.

Na hata kwa wakubwa haikuwa pepo tupu. Wageni walipatwa na mkunguru, homa ambayo wengine hawakuinuka nayo. Mji ulikuwa mchafu, na pwani ilinuka hata Dk. Livingstone, alipopita 1866, akalipotoa jina la Zanzibar kwa mzaha ili lilingane na uvundo. Kipindupindu kilipita kikaua watu wengi sana 1858 na tena 1869. Maji safi ya mfereji kutoka Chemchem yaliingia mjini wakati wa Seyyid Barghash tu, aliyetawala 1870 hadi 1888, na nadhani kwa afya ya watu jambo hilo lilifaa kuliko majumba yake yote. Halafu ikaja tufani ya Aprili 1872, ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Hata mizani ya Seyyid Said haikuliona hilo.

Yeye mwenyewe alifariki baharini, tarehe 19 Oktoba 1856, karibu na Shelisheli, njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Binti yake Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni 1844, anasimulia katika kitabu chake kilichochapishwa kwa Kijerumani 1886 kwamba baba yake alichukua mbao chomboni, ili atakayefariki njiani asizikwe baharini. Alizikwa Unguja.

Hesabu ilikuja kwa watoto. Thuweini alikuwa Maskati na Majid alikuwa Unguja, na kila mmoja alijua upande upi ulikuwa na fedha. Mwaka 1859 Thuweini alitayarisha vyombo aje kumpiga ndugu yake, Waingereza wakamrudisha. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza Bara Hindi, akaamua kwamba nchi ziwe mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Katika riale hizo 40,000 mtu anaweza kusoma thamani ya mahala pawili kuliko katika hotuba yoyote: aliyekuwa na majabali alilipwa na aliyekuwa na karafuu. Majid naye hakutosheka, akaanza kujenga mji mpya bara, pale Mzizima, akauita Dar es Salaam. Alipofariki 1870, Barghash akauacha usinzie.

Oman ikabakia na ufukara wake, na meli za moshi zikawanyang'anya wenye majahazi riziki. Kwa hivyo waliokuja Afrika baadaye, kutoka Sharqiya na kwengineko, wale ambao watu wa Unguja waliwaita Wamanga, hawakuwa na mizani ya Seyyid Said. Walikuwa na ukame nyuma na kaskazi mbele. Wakafungua viduka Unguja na Pemba, wakaingia bara hadi Tabora, Ujiji, Burundi na Kongo. Nyingi katika familia zinazosoma kitabu hiki zinatokana na watu hao, si na majumba ya Mtoni, ingawa kwa kusikiliza masimulizi ya harusini mtu angedhani sote tulizaliwa barazani kwa Seyyid.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 waliotoka hawakuchagua; walikwenda palipofunguka mlango. Oman ya Seyyid Said bin Taimur haikuwa na mlango mpana. Milango ya mji wa Maskati ilikuwa ikifungwa usiku kikweli. Wengi walipata hifadhi Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza. Kisha tarehe 23 Julai 1970 akatawala Seyyid Qaboos, akawaita wenye asili ya Oman warudi. Nchi nzima ilikuwa na skuli tatu, na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi. Watu waliosomeshwa Unguja, wanaojua Kiingereza na kazi za ofisi, hospitali na skuli, walihitajika sana, na walifanya kazi kubwa.

Lakini walipofungua midomo, wakasemwa. Kiarabu chao kilikuwa cha chuoni, na wao kwa wao walizungumza Kiswahili. Jambo hili liliwauma wazee wengi, nao walidhani ni jipya. Bibi Salme ameliandika zamani: kwamba jamaa zao waliozaliwa Oman waliwaona wao wa Unguja kuwa duni, na katika makosa yao makubwa ni kusema lugha nyingine isiyokuwa Kiarabu. Hao walikuwa watoto wa mfalme, na Kiswahili hakikusamehewa hata kwao. Kwa hivyo wajukuu wetu wakichekwa skuli huko Seeb kwa Kiarabu chao, au huko Portsmouth kwa Kiingereza cha bibi yao, wasomeshwe habari hii.

Mimi nikiulizwa, husema kila mtu ataje kwanza anapima nini: shule, matibabu, adhana, kazi, makaburi ya wazee, au hali ya hewa. Mara nyingi wanaobishana wanapima vitu mbalimbali kwa mizani moja. Na aulizwe pia kwa ajili ya nani, kwani wazee walioridhika na Uingereza kwa shule zake, wajukuu wao sasa wanatafuta kazi Ghuba.

Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja tangu 1911 hadi 1960, alizaliwa Maskati mwaka 1879, na alikuwa mjukuu wa Thuweini, yule aliyepewa Maskati akaitaka Unguja. Mjukuu wa Khalifa, Seyyid Jamshid bin Abdullah, alizaliwa Unguja, akapinduliwa 1964, akaishi Southsea, Portsmouth, miaka mingi akiomba kwenda Oman bila ya kukubaliwa. Alikubaliwa mwaka 2020, naye amepita umri wa miaka tisini. Alifariki Maskati tarehe 30 Disemba 2024.