Gobore la Babu na Bombomu la Mjerumani

Mlimani, Jumatano, saa 5 usiku

Nimepotea kidogo, si unajua tena, bumu likichelewa hata hamu ya kuandika inapotea. Leo nimekula, kwa hiyo nina nguvu ya kuwachosha.

Wiki iliyopita hapa chumbani kulizuka ubishi wa kufa mtu. Jamaa yetu wa sheria alisema Wamarekani wana akili, maana toka mwaka 1791 wameweka kwenye katiba yao haki ya mwananchi kuwa na silaha, ili serikali ikigeuka dhalimu wananchi wawe na cha kujibia. Sisi huku, anasema, tumenyang'anywa kila kitu, tumebaki na fimbo, ndiyo maana kila mwenye cheo anatupanda kichwani. Jamaa wa uhandisi akajibu kwamba bunduki zote za dunia ziyeyushwe ziwe nondo. Wakabishana mpaka saa 8 usiku, mmoja na Marekani yake, mwingine na nondo zake.

Mimi naona hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano. Huo mtihani tulishaufanya nyumbani, na mahali penyewe ni kwetu Kivukoni. Kwa wasiopajua: ni pale Ifakara unapoukuta mto Kilombero, tulipokuwa tunasubiri pantoni kwenda Ulanga na Mahenge kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018. Maji, matete, samaki, mpunga hadi macho yanachoka. Ukipita leo ndani ya basi huwezi kudhani kwamba mwaka 1905 watu walivuka mto huohuo na mikuki na magobore kwenda kuikabili serikali yenye bombomu.

Tuanze nyuma kidogo. Bonde la Kilombero halikuwa na uhaba wa bunduki kabla ya Mjerumani. Biashara ya pembe za ndovu iliyoshuka hadi Kilwa na Bagamoyo ilileta magobore kwa wingi. Wakubwa walikuwa na wawindaji wao, na mtu mwenye gobore na baruti alikuwa mtu kweli kweli, anakula nyama, analinda shamba, anapata pembe, anaoa. Gobore unalijaza kwa mbele ya mtutu: baruti, kitambaa, marisau, unashindilia na ufito, halafu unaomba Mungu liwake. Likigoma, tembo hana muda wa kukusubiri.

Sasa hapa ndipo jamaa yangu wa sheria angefurahi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kusaini mkataba. Tunafundishwa kwamba ulikuwa wa kukomesha biashara ya utumwa, na kweli ulikuwa huo. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: kwa Afrika yote kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiingie mikononi mwa wenyeji. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani walikaa mezani wakachora mstari kwenye ramani na kuamua kwamba chini ya mstari huu Mzungu na askari wake watakuwa na Mauser, na mwenyeji atabaki na gobore. Sababu iliyoandikwa ilikuwa nzuri tu. Watu wa utumwa walikuwa wanatumia bunduki kuteka watu, nani atabisha? Matokeo yake ni kwamba miaka 15 baadaye mwenyeji alienda vitani na chuma cha babu yake.

Mwaka 1896 gavana Wissmann akaongeza lake: kuwinda kwa leseni, na maeneo yaliyotengwa ya wanyama, mojawapo upande wa Rufiji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameandika sura nzima, kwenye kitabu cha Maji Maji kilichohaririwa na Giblin na Monson mwaka 2010, akiiita Maji Maji vita ya wawindaji. Mashuleni tuliimbishwa pamba, kodi na viboko, na hayo yote ni kweli. Ila kwa watu wa ndani kama wa kwetu, ambako pamba haikuwa na uzito kama pwani, kunyimwa pembe, nyama na baruti ilikuwa kunyimwa maisha. Mimi hoja yake imenikaa vizuri kuliko ile ya desa la kidato cha nne.

Kwa hiyo Agosti 1905 vita ilipofika bondeni, ilikuta watu wenye hasira na silaha mbovu. Hapo ndipo naielewa ile dawa. Tumezoea kucheka, eti walidhani risasi zitageuka maji. Jamani, tufikirie vizuri. Shida kubwa kuliko zote ilikuwa nini? Bunduki ya adui. Mtu akija na dawa ya bunduki, halafu dawa yenyewe ikawaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na wengine ambao jana walikuwa wanaibiana ng'ombe na watoto, utamcheka? Kinjikitile Ngwale mwenyewe alishanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Dawa iliendelea kutembea bila yeye, mikononi mwa wajumbe walioitwa hongo.

Tarehe 16 Agosti kituo kidogo cha askari pale Ifakara kikafagiwa. Njia ya Mahenge ikawa wazi, ukishavuka mto. Tarehe 30 Agosti wakafika Mahenge kwenye boma. Ndani alikuwepo von Hassel na askari kama 60, mamia kadhaa ya wenyeji waliomuunga mkono, na bombomu 2. Nje, maelfu. Wapogoro na Wambunga hawakuelewana muda wa kushambulia, kwa hiyo hawakufika pamoja. Kundi la kwanza lilianza kupigwa likiwa mbali kama mita 1,000, umbali ambao gobore halifiki hata kwa sala. Walisimama robo saa hivi, wakavunjika. Likaja kundi la pili kutoka mashariki, watu kama 1,200, na baadhi yao walikufa wakiwa hatua 3 tu kutoka kwenye mstari wa askari. Hatua 3! Kila nikisoma hapo nafunga kitabu kwanza.

Jambo ambalo mjadala wa chumbani haukuligusa kabisa ni hili: nani alikuwa ameshika bunduki ndani ya boma? Mjerumani alikuwa mmoja mmoja. Askari walikuwa Waafrika, wengine walitoka Sudan, wengine Wamanyema, na wengine watu wa hapahapa. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani toka enzi za Mkwawa, na vita hii ilimuua akiwa upande huohuo. Alikuwa na hesabu zake. Wahehe walikuwa wamemsumbua, na aliona rafiki mwenye bunduki ni bora kuliko jirani mwenye mkuki. Kwa hiyo ukisema "wananchi wenye silaha dhidi ya serikali", bondeni kwetu wananchi walikuwa pande zote mbili za mtutu.

Na kama wangekuwa na bunduki nzuri? Najua utauliza, hata jamaa wa sheria aliuliza. Muulize Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo aliliteketeza jeshi la Zelewski, zaidi kwa mikuki, akaokota bunduki za kisasa zipatazo 300. Silaha hizo hazikuiokoa ngome yake ya Kalenga, iliyoanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Bunduki ya kisasa inakula risasi, risasi zinatoka kiwandani, na kiwanda kiko kwa adui yako. Ukimaliza ulizoteka umebaki na rungu la bei ghali. Gobore angalau marisau yake unaokota vyuma chakavu.

Halafu, wadau, Wajerumani hawakumaliza vita ile kwa bombomu. Waliimaliza kwa njaa, na walifanya makusudi. Vikosi vyao vilipita vinachoma vijiji, vinachukua nafaka, vinaharibu mashamba, mpaka watu wakatoka porini wenyewe wakiwa mifupa. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389. Upande wa pili hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000, na Gilbert Gwassa, aliyeichimba vita hii kuliko wengi, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakuona risasi hata moja. Ghala lilipochomwa, gobore halikuwa na la kufanya.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia hapahapa Mlimani, enzi hizo chuo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Ningetoa bumu la mwezi mzima kukaa kwenye mkeka mmoja wa mahojiano yale. (Sawa, nusu bumu.)

Sasa jamaa wa nondo asifurahi mapema, kwa sababu na yeye simuungi mkono moja kwa moja. Angalia kilichofuata. Vita na njaa viliondoa watu, pori likarudi, mbung'o na tembo wakachukua mashamba. Mwingereza alipokuja, mwaka 1922 eneo kubwa la pori lile aliliita Selous, kwa jina la Frederick Selous, mwindaji maarufu wa tembo aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Yaani mtu aliyeua tembo kwa rifo akapewa pori lenye jina lake, na Mpogoro anayepiga nguruwe kwa gobore ili mpunga wake upone akapewa jina la jangili. Miaka ya 1940 watu wengine wakahamishwa kwa sababu ya malale, na pori likazidi kunenepa. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina hilo nalipenda zaidi, ila mpaka na shamba uko palepale.

Babu mzaa mama alikuwa na gobore. Sijawahi kuona ameliwasha kwa hasira na mtu. Lilikuwa la nguruwe, nyani na kiboko. Siku moja walikuja watu wa ofisi fulani, nisiitaje, wakalichukua bila karatasi wala risiti. Msimu uliofuata alivuna magunia 4 mahali alipozoea kuvuna 15. Kwa sheria ya sasa, ile ya mwaka 2015, kumiliki silaha bila leseni ni kosa, na maombi yanaanzia kijijini na kupanda ngazi. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, jambo ambalo naona lilikuwa la busara. Lakini si kila mara mambo yamekwenda kwa upole. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, na sababu ilikuwepo: hesabu ya tembo ya Selous na Mikumi ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya 100,000 miaka ya 1970 hadi kama 13,000 mwaka huo. Tembo hao hawakuisha kwa magobore ya wakulima wa mpunga, mnajua hilo. Operesheni ikasimamishwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na Desemba mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Walipotezaje? Bunge lilichachamaa, kamati ikachunguza, taarifa ikasomwa hadharani. Hakuna aliyefyatua kitu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, kama mnautaka. Sitaki kila mtu apewe bunduki akimsubiri dhalimu. Kongo ya mashariki vikundi vya Mai-Mai vilianza hivyohivyo, watu wa kijiji wakijilinda, tena wakiwa na dawa ya maji kama ya wazee wetu, na leo mwanakijiji anawakimbia baadhi yao kama anavyomkimbia adui. Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliikumbuka Maji Maji, na alichokuja nacho nyumbani kilikuwa kadi za TANU. Lakini pia siamini mtu anayeniambia kila silaha inayochukuliwa kwa mkulima inachukuliwa kwa usalama wake. Hata mkataba wa Brussels ulisema ni kwa wema wetu.

Na tukumbuke kulikuwa na njia ya tatu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, baada ya Amin kupindua Uganda, ulitaka wananchi wafundishwe ulinzi, na mgambo ikatapakaa hadi vijijini. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 mgambo walikwenda kwa maelfu. Ukiisoma ile katiba ya Marekani vizuri inaanza na mgambo wao kabla ya kufika kwa mtu binafsi. Tofauti ni kwamba mgambo wetu, vita ilipoisha, alirudisha bunduki ghalani, na siku hizi tunamfahamu zaidi kwa kukimbiza machinga na kumwaga ndoo ya mama ntilie. Hilo ni somo lingine.

Mjomba wangu msimu huu ana ekari 3 za mpunga ng'ambo ya mto. Silaha zake ni dungu, debe, tochi na filimbi. Mwaka jana tembo walipita, akaandika maombi ya kifuta jasho, bado anasubiri. Jana alinipigia simu kuuliza kama kwenye hayo ninayosoma huku kuna mahali pameandikwa mkulima afanye nini kati ya saa ambayo tembo ameingia shambani na saa ambayo gari la wanyamapori linafika. Nimemwambia nitatafuta, na kweli nitatafuta. Mwenye kujua aniandikie. Kesho nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma hata ukurasa.