Divai Nyeupe Mezani kwa Mlalahoi

Mwaka 1968 Bill Darden alifungua mkahawa wa samaki, Red Lobster, mjini Lakeland, Florida, kwa familia za kipato cha kawaida. Enzi hizo, divai ya kujivunia ilikuwa ya Ufaransa, na majina yake yaliwatisha wengi. Lakini Mei 24, 1976, mjini Paris, waonjaji 9 Wafaransa walimiminiwa divai bila kuonyeshwa chupa. Katika divai nyeupe, walioipa ushindi ilikuwa Chardonnay ya Chateau Montelena, kutoka California! Leo Chardonnay ya California huuzwa kwa glasi kando ya kamba na kaa katika mikahawa ya aina hiyo. Kizuri chajiuza, msikilizaji. Ila wakati mwingine sharti kwanza jina lifichwe.