Chuma Kilichotoka Mchangani

Mwaka 1154, al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia akiwa Sicily, kwa Mfalme Roger wa Pili. Kuhusu Malindi aliandika kwamba wenyeji walichimba chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida kubwa zaidi. Si dhahabu, si pembe za ndovu. Chuma.

Hilo hunijia kila nikisikia mtu akisema eti chuma kililetwa Kenya na reli.

Bara nako kazi ilikuwapo. Wakikuyu walichota mchanga mweusi mitoni, wakauosha, wakautia kwenye tanuri la udongo pamoja na makaa, kisha wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Gesi ya makaa huinyang'anya madini oksijeni. Kinachobaki ni donge la chuma. Mhunzi alilifua hadi likawa simi au mkuki.

Madini ya chuma yana kazi nyingine pia. Udongo mwekundu ambao morani wa Kisamburu hujipaka ni chuma kilichoungana na oksijeni. Hata simiti ya ploti unayoishi imo: kiwandani huongezwa madini ya chuma kidogo ili mawe ya chokaa na udongo viungane bila kuhitaji joto kali zaidi, na sehemu ya ule ukijivu hutoka hapo.

Sasa, tulipoteza nini? Chuma rahisi cha Ulaya kilipofika, mhunzi hakuacha nyundo. Aliacha tanuri. Uoshe mchanga siku nzima na kuchoma makaa ya nini, na waya iko dukani? Kwa mtu mmoja, huo ulikuwa uamuzi wa busara kabisa. Kwetu sote, nusu ya ufundi ilizikwa na walioujua.

Nusu iliyobaki ndiyo jua kali. Gikomba wanafua majiko na masanduku kutokana na mabati na vyuma kuukuu. Viwanda vyetu vingi vya nondo navyo huyeyusha vyuma kuukuu, au huagiza chuma kilichotengenezwa nje. Kwa hiyo Januari 2022, serikali iliposimamisha biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya uharibifu wa milingoti ya umeme, amri moja iligusa mwenye mkokoteni, fundi na kiwanda kwa pamoja.

Aliyeosha mchanga mtoni hakungoja gari la mtu lizeeke ndipo apate kazi. Sisi tunangoja, na madini tunayakanyaga.