Mtoto wa Mtumbwi Ndani ya Boksi

Mwezi wa Novemba 2015 gazeti la New York Times liliwapelekea wasomaji wake wa majumbani zawadi ya ajabu. Pamoja na gazeti la mwisho wa wiki walipata boksi bapa la karatasi ngumu, lenye lenzi mbili. Unalikunja linakuwa kama darubini, unachomeka simu yako kwa mbele, unaliweka machoni. Maboksi waliyogawa yalizidi milioni 1. Na filamu waliyotakiwa kuanza nayo ilikuwa inatuhusu sisi. Iliitwa The Displaced, yaani waliofukuzwa makwao.

Nasema sisi kwa maana pana. Ndani yake kuna watoto watatu: Oleg wa Ukraine, miaka 11, Hana, Msyria wa miaka 12 anayevuna mashambani Lebanon, na Chuol wa Sudan Kusini, miaka 9, aliyekimbilia kwenye vinamasi na bibi yake. UNHCR walikuwa wamehesabu watu milioni 59.5 waliohamishwa na vita na mateso duniani kufikia mwisho wa 2014, na kati ya wakimbizi, nusu walikuwa watoto. Watengenezaji, Imraan Ismail na Ben C. Solomon, walichagua watatu tu, na walifanya vizuri. Milioni 59.5 haina uso.

Hizi filamu zinaitwa za uhalisia pepe, au za nyuzi 360. Kamera inapiga pande zote kwa mara moja. Simu inagawa kioo chake mara mbili, jicho hili na picha yake na jicho lile na picha yake, kisha kifaa kidogo ndani ya simu, jairoskopu, kinahisi kichwa chako kimegeukia wapi. Ukitazama juu unaona mbingu ya huko. Ukigeuka nyuma unaona kilicho nyuma yako. Boksi lenyewe lilibuniwa na David Coz na Damien Henry, wafanyakazi wa Google mjini Paris, likaonyeshwa Juni 2014. Google Cardboard, ndilo jina lake.

Sasa, watu waliandika kama kwamba hili jambo limezaliwa siku hiyo. Hapana. Ujanja wa kulipa kila jicho picha yake ni wa Charles Wheatstone, Mwingereza, mwaka 1838. Kabla ya karne ile kuisha, familia za Ulaya na Marekani zilikuwa na stereoskopu sebuleni kama sisi tunavyokuwa na redio. Kampuni ya Underwood & Underwood iliuza kadi za vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902. Mtu wa Chicago alikaa kwenye kiti chake baada ya chakula akatazama handaki la vita likiwa na kina. Hiyo ilikuwa habari, na ilikuwa burudani pia.

Kwa sisi Wakongomani kuna sura nyingine ya historia hii, na ninaomba tukae hapo kidogo. Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, mwanamke Mwingereza anaitwa Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala wa Wala. Nsala amekaa barazani. Mbele yake kuna mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ABIR. Hatazami kamera. Anatazama kile kilichobaki. Picha hiyo na nyingine za mikono iliyokatwa ziliwekwa kwenye vioo, Alice na mume wake John wakazizungusha Uingereza na Marekani kwa taa ya kurushia picha ukutani. Watu walijaa makanisani na kumbini. Taa zinazimwa, Kongo inatokea ukutani, kubwa kuliko mtu, na mbele anasimama mzungu anaeleza. Chama cha kuitetea Kongo kilichoanzishwa na E. D. Morel na wenzake mwaka huohuo wa 1904 kilitegemea sana mikutano ile. Mwaka 1908 mfalme Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Kwa hiyo picha ilifanya kazi. Sipendi wale wanaosema kutazama hakusaidii kitu. Lakini angalia pia ilifanya kazi ya namna gani: mtesaji mmoja alitoka, mkoloni mwingine akaingia, na Wakongomani walikaa ukutani miaka ile yote bila kupewa nafasi ya kusimama kando ya taa na kueleza wenyewe.

Miaka zaidi ya 100 baadaye taa ile ikarudi kwa sura ya miwani. Januari 2012 mwandishi Nonny de la Peña alipeleka kazi yake Hunger in Los Angeles kwenye tamasha la Sundance. Sauti ilikuwa ya kweli, ilirekodiwa kwenye foleni ya chakula cha msaada, pale mwanamume mwenye kisukari alipoanguka. Picha zilichorwa kwa kompyuta. Watazamaji walipiga magoti kumshika mtu ambaye hayupo. Kijana aliyetengeneza miwani ile, Palmer Luckey, alianzisha kampuni ya Oculus, na mwaka 2014 Facebook wakainunua kwa dola bilioni 2. Hebu fikiria: biashara ya dola bilioni 2, na moja ya vitu vyake vya kwanza kuonyeshwa ni foleni ya chakula. Sisi foleni hiyo tunaijua bila miwani.

Halafu Januari 2015 ikaja Clouds Over Sidra, ya Gabo Arora na Chris Milk, juu ya msichana wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Ilionyeshwa Davos, kwa matajiri na wakubwa wa nchi. UNICEF walisema waliotazama walichanga mara mbili ya kawaida, mtu 1 kati ya 6. Chris Milk akasema hadharani kwamba hii ndiyo mashine kuu ya kumfanya mtu ahisi ya mwenzake. Neno hilo lilisambaa sana.

The Displaced bado iko YouTube, kwa hiyo tuliitazama hapa Kisenyi na kikundi chetu cha vijana. Boksi tulikata wenyewe kutoka katoni ya maji. Lenzi ndizo zilitusumbua, mpaka tukapata miwani ya plastiki ya mtumba. Kikwazo cha pili ni simu. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini hazina jairoskopu, ukigeuza kichwa picha inabaki palepale, lazima uisukume kwa kidole. Simu moja tu ilikubali. Bando nalo linaisha kama sukari kwenye chai, na serikali tangu Julai 2021 inatoza asilimia 12 juu ya data. Tuliipakua mara moja.

Sasa Kampala inajua kutazama filamu kwa njia yake. Tuna vibanda vya video, watu wamebanana kwenye mabenchi, na VJ ameshika kipaza sauti anatafsiri kwa Kiluganda, anaongeza utani, anamtukana adui kwa niaba yetu. Kutazama ni kazi ya wengi. Boksi hili linataka kichwa kimoja. Mmoja anatazama, wengine kumi na wawili wanamwangalia yeye akizungusha shingo kama kuku. Basi bila mtu kupanga, aliyevaa akawa VJ. "Niko kwenye mtumbwi... nyasi ndefu, ndefu... mtoto anapiga kasia." Msichana wa Kisomali aliitafsiri tena kwa ndugu yake. Ilipofika ndege inaangusha magunia ya chakula na watu wanakimbia, wote walijua bila kuambiwa.

Kijana mmoja wa Sudan Kusini alipovaa, alinyamaza. Chuol anaongea Kinuer. Wale wa New York walisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Huyu alisikia moja kwa moja. Alipotoa boksi alisema, "Anaongea kama mtoto wa shangazi yangu," akatoka nje. Maji yanayopita Jinja ndiyo yanayokwenda mpaka kwenye vinamasi vile. Filamu ilizunguka dunia nzima kabla ya kumfikia yeye.

Baadaye tulibishana kuhusu jambo moja: mpiga picha yuko wapi? Kwa sababu kamera inaona pande zote, mwandishi lazima aweke kamera akajifiche. Kwenye picha ya kawaida angalau unajua kuna mtu nyuma ya lenzi. Hapa umeachwa na mtoto peke yako, eti. Maswali ya namna hiyo, mtoto aliambiwa apite hapa au alijipitia, yaliulizwa hata ndani ya New York Times. Margaret Sullivan, aliyekuwa sauti ya wasomaji katika gazeti hilo, aliyaandika wakati uleule. Na mwaka 2017 mwanasaikolojia Paul Bloom alieleza kwamba huwezi kujua ukimbizi kwa dakika chache za miwani, maana miwani unaivua ukitaka. Hapo vijana wetu walicheka sana. Kumbe ilihitaji profesa.

Mimi nasikitikia kitu kingine. Hapa mtaani watu wa kamera wanakuja. Wengine walikuja kwetu, wakapiga siku mbili, wakachukua majina na sahihi za wazazi, wakaahidi kutuma kazi. Hadi leo hatujaiona. Kisenyi imezoea: wasomi Southall na Gutkind walikuja kuuchunguza mtaa huu tangu miaka ya 1950, wakaandika kitabu. Kutazamwa hakutuumizi. Kinachouma ni kutojua umeonekana vipi.

Mtindo wenyewe ulipita haraka. BBC walitoa Congo VR mwaka 2018, na mwaka uliofuata wakafunga kitengo chao cha filamu hizi. Google walikuwa wametoa maboksi zaidi ya milioni 15, na mwaka 2021 wakaacha kuyauza. Lakini huku kwetu waliokuwa wameanza kushika kamera wenyewe walikuwa wachache na wazuri: Ng'endo Mukii wa Nairobi na Nairobi Berries yake ya 2017, na wenzake wa The Nest. Hizo ni sanaa zaidi kuliko habari, ila mpigaji ni wa mji uleule.

Vijana wameanza kuuliza kama tunaweza kuazima kamera ya nyuzi 360. Sijui tutaipata wapi, lakini ubishi wa mahali pa kuiweka umeshaanza. Mmoja anataka juu ya paa la mabati, saa ya adhana. Mwingine anataka kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Yule wa Sudan Kusini anataka iwekwe katikati ya kibanda cha video, filamu ikiendelea, ili anayetazama akigeuka nyuma awakute wao wamekaa wanamtazama.